Mti Ulioanguka Bila Upepo

Watu wa mtaa ule walikuwa wamemwita Mama Fundisho kwa muda mrefu mno, kiasi kwamba hata mumewe, akiulizwa ghafla jina halisi la mkewe, ilibidi afikiri kidogo. Kazi yake ilikuwa udobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Sakafu ya chumba hicho ilikuwa ya saruji iliyolainishwa na maji ya sabuni, na palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa, na moja ya umeme ambayo ukiipa kisogo tu inaunguza. Uani kamba za kuanikia zilipita huku na huku. Siku za jua, mgeni alilazimika kuinama na kupenya katikati ya mashuka kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Lakini jina lile hakulipata kwa kufua. Alilipata kwa sababu hakuweza kuona kitu kikapita hivi hivi. Ukimpelekea shati lenye doa la wino, aliliinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa, akakuambia, "Unaona? Ungelileta siku ileile, lingetoka kwa maji matupu. Dhambi nayo ndivyo ilivyo." Mtu alikuja na shati, akaondoka na mahubiri. Sisimizi wakipanda ukutani, fundisho. Kipande cha sabuni kikiisha mkononi, fundisho, na hilo alilipenda kuliko yote: kwamba sabuni hujimaliza yenyewe ili wengine watakate, kama Bwana alivyofanya. Siku moja alikuja fundi bomba kuzibua karo, na kabla hajafungua mfuko wa zana zake alikuwa ameshaambiwa habari za moyo ulioziba. Alimaliza kazi mbiombio akaenda zake. Jumapili iliyofuata alionekana kanisani, amejibanza benchi la nyuma, kwa hiyo huwezi kusema maneno yote yalikwenda bure.

Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu mwembamba, mwenye misumari mdomoni na utani nyuma ya misumari. Imani alikuwa nayo, ila ilikuwa imani ya kimyakimya. Mahubiri yakizidi urefu alisinzia, tena bila aibu. Mkewe alimwita "mzee wangu". Yeye alimwita mkewe "Mwalimu", na ilikuwa vigumu kujua ni heshima au ni mzaha.

"Mwalimu," alimwuliza siku moja akiwa anagonga kisigino, "hata soli ina mahubiri?"

"Soli ndiyo hasa. Inakanyagwa kutwa kucha na hailalamiki."

"Basi mimi ni askofu. Nazishika nyingi mno."

Alifanyia kazi yake barabarani, nje ya ukuta wa kanisa, chini ya mkaratusi. Mti ule ulikuwa ndani ya kiwanja cha kanisa, kwenye pembe, lakini matawi yake yalivuka ukuta na kumwagia kivuli kila aliyekaa upande wa pili. Ulikuwa mti wa kutazamwa. Shina lake lilikuwa jeupe, laini, na magome yaliyobambuka yakining'inia vipande vipande. Mvua ikinyesha, majani yake yalinukia mtaa mzima harufu ile ya dawa ya kifua. Ndani ya ukuta, chini ya mti huohuo, Mama Fundisho alifundisha watoto kila Jumapili. Na ungekuwa mjinga kama ungedhani mti wa namna ile ungesalimika na mafundisho yake.

"Mti huu umekuwapo kabla ya kanisa," aliwaambia watoto. "Dhoruba imeng'oa mabati, imeangusha nguzo za umeme. Mti uko palepale. Kwa nini?"

"Mizizi!" walipiga kelele watoto, maana jibu walilijua usingizini.

"Na mtu aliyetia mizizi kwa Yesu?"

"Haanguki!"

Upande wa pili wa ukuta fundi viatu, kama hajasinzia, aligonga nyundo kwenye ubao kuunga mkono, na watoto walicheka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Mama Fundisho alikuwa ameanika shehena ya mashuka, akafunga mkate kwenye kitambaa, akachukua chupa ya chai na kwenda kumpelekea mumewe, kama kawaida. Hapakuwa na upepo. Hilo alilirudia baadaye kwa kila aliyemuuliza na hata kwa wasiomuuliza. Mashuka yalikuwa yamening'inia kama yamepigwa msumari. Mtu fulani alikuwa anachoma takataka nyuma ya nyumba, na moshi ulikuwa unapanda wima, umenyooka kama uzi.

Alipofika kwenye kona alimwona mumewe, ameinamia kiatu cha mwanamke, ulimi umemtoka pembeni kidogo kama ilivyokuwa desturi yake akishona. Alitaka kumwita. Kabla hajaita akasikia sauti ya kitu kinachochanika. Kwa kuwa alikuwa dobi, sauti hiyo aliijua. Alijua shuka kubwa linavyochanika. Akageuka kutazama nyuma, aone ni nguo ya nani. Hapakuwa na nguo. Alipogeuza kichwa tena, mkaratusi ulikuwa unainama.

Ulianza polepole, kama mzee anayekaa kitako. Halafu haukuwa polepole tena.

Ardhi ilimruka chini ya miguu. Vumbi likafunika ukuta, barabara, kila kitu, na katika vumbi lile ikapanda harufu ya majani, kali, safi, kana kwamba mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kwa muda kidogo hapakuwa na sauti hata moja. Kisha kuku mmoja akapiga kelele, na baada yake mtaa mzima.

Chupa ya chai ilikuwa imemponyoka na kupasuka, chai ikimchuruzika miguuni, ya moto, wala hakuisikia. Alisimama. Watu walimpita mbio kushoto na kulia, wengine wakimgonga bega. Makanika wa gereji ya jirani walikuja na jeki, muuza mbao akaja na msumeno, wanawake wa kwaya waliokuwa wakipiga deki kanisani wakatoka na ndoo zao mikononi, na yeye akasimama. Ukuta ulikuwa umelala. Viatu vya watu vilikuwa vimetawanyika barabarani, kimoja kimoja, kama vile umati ulikimbia ukaviacha.

"Yuko hai!" mtu alipaza sauti kutoka ndani ya matawi. "Yuko hai, lakini mguu umebanwa!"

Ndipo alipoweza kusogea. Akajipenyeza kwenye majani mpaka akamfikia. Mumewe alikuwa amelala chali, uso umekuwa wa rangi ya majivu, na juu ya mguu wake wa kulia, chini ya goti, lilikuwa limelala tawi nene kuliko mtu.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo sana. "Viatu vya watu. Waambie wavikusanye."

"Mama, omba!" alilia mwanakwaya mmoja nyuma yake. "Mama Fundisho, tuongoze, omba!"

Yeye ndiye aliyekuwa akiombea wagonjwa, wasafiri, wanaofanya mitihani, hata mbuzi aliyepotea wa mtu. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, akausikia mdomo wake ukifunguka na kufumba mtupu, kama wa samaki. Hatimaye yule mwanakwaya akaomba mwenyewe, kwa kigugumizi, huku makanika wakizungusha jeki na kuhesabu kwa sauti.

Walipokwisha kumtoa na kumpakia kwenye gari la muuza mbao, Mama Fundisho akiwa anapanda, alisikia mtu akisema, "Jamani, njooni mtazame huku." Akatazama, ingawa baadaye alitamani asingetazama. Shina lilikuwa limekatika karibu na ardhi, na ndani yake hamkuwa na kitu. Lilikuwa bomba. Ukuta mwembamba wa mti, halafu giza, halafu unga wa kahawia na mchwa wakikimbia ovyo kwa kufumaniwa na mwanga. Mtoto angeweza kuingia na kujificha. Na juu, upande wa pili, majani yalikuwa mabichi kabisa. Matawi yalikuwa yamechanua, na nyuki walikuwa bado wamo kwenye maua, wanafanya kazi yao pale chini barabarani kana kwamba hakuna aliyewapa habari.

Hospitalini walingoja kwenye korido yenye benchi la mbao, yeye na binti yao mkubwa, aliyefika akiwa bado amevaa aproni ya mgahawa anakofanya kazi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye macho yaliyochoka. Aliwaita chumbani kwa mgonjwa ili wasikie wote pamoja.

"Sitawazungusha," alisema. "Mfupa umesagika, damu haishuki tena chini. Tukiuacha mguu huu, utaondoka naye mzima mzima. Inabidi tuukate leo, chini ya goti."

Binti alitoa kilio. Mama Fundisho alimtazama daktari kama mtu anayezungumziwa kwa lugha ya kigeni. Ni mgonjwa mwenyewe aliyejibu.

"Haya, mwanangu. Kata." Akavuta pumzi. "Ila kiatu cha mguu huo ni kizima, nilikipiga soli juzi tu. Msikitupe."

Daktari alishindwa kuzuia tabasamu. Mkewe hakutabasamu. Alikuwa anatazama miguu ile miwili chini ya shuka, akiwaza kwamba kabla ya jua kuzama kutakuwa na mmoja, na wazo hilo lilikataa kabisa kuingia kichwani.

Siku zilizofuata watu walimiminika. Wengine walikuja wodini, wengine walimfuata nyumbani alipokwenda kubadilisha nguo, na kila mmoja alibeba kitu mkononi na kingine mdomoni. Mzee wa kanisa, mtu mwema asiyewahi kumkosea yeyote, alikaa kwenye kiti cha wageni akaweka kofia magotini.

"Mama," alisema, "mkulima hupogoa tawi analolipenda, ili lizae zaidi."

Mama Fundisho alishtuka. Maneno yale aliyajua. Yeye mwenyewe aliyasema mwaka uliopita, watunza bustani walipokuwa wakikata matawi ya ua wa kanisa, na mzee huyu alikuwapo, akitikisa kichwa kwa kukubali. Sasa yalimwingia kama maji ya baridi mgongoni. Tawi? Walikuwa wamekata mguu wa mumewe kwa msumeno, halafu anaambiwa tawi?

Aliyefuata alikuwa kiongozi wa kwaya, naye akamshika mikono, akamkumbusha habari ya sabuni inayojimaliza ili wengine watakate. Mwingine alimkumbusha pasi, kwamba bila moto kunyanzi hazinyooki. Yote yalikuwa ya kwake. Aliyatambua moja baada ya jingine, na kila alipolitambua alizidi kupigwa na butwaa. Ilikuwa kama nguo zote alizowahi kuwafulia watu zimerudishwa siku moja, zimekunjwa vizuri, na hakuna hata moja inayomwenea. Je, hivi ndivyo zilivyokuwa? Hivi ndivyo watu walivyojisikia walipokuwa wakimwitikia "Amina, Mama"?

Mchungaji naye alikuja. Alizungumza kwa upole, akaomba na mgonjwa, na wakati wa kuaga akamvuta pembeni.

"Kanisa limetikisika, Mama. Watu wanaulizana maswali juu ya mti ule. Jumapili ungesimama utupe neno. Ni wewe tu unayeweza kulipata fundisho lililomo."

"Halimo," alisema.

"Umesemaje?"

"Fundisho. Nimelitafuta usiku na mchana, Mchungaji. Halimo."

Mchungaji alibaki amesimama na mkono hewani, kwa sababu katika miaka yote ya kumfahamu hakutegemea kusikia neno hilo likitoka kwake.

Kati ya majirani alikuwapo mmoja ambaye hakuwa ametokea. Mama Cherehani alikuwa fundi wa nguo, nyumba ya tatu kutoka kwao, mwanamke mnene, mzito wa maneno. Miaka michache nyuma alikuwa amefiwa na mtoto wake wa pekee, msichana mdogo, kwa homa. Tangu msiba ule alikuwa akimsalimia Mama Fundisho vizuri, lakini kwa mbali, kama mtu anayesalimia kutoka upande wa pili wa barabara hata akiwa amesimama mbele yako. Mama Fundisho aliliona hilo, akalichukulia kuwa ni huzuni.

Alitokea mchana mmoja, Mama Fundisho akiwa amepita nyumbani kuchukua mashuka safi ya mgonjwa. Uani mambo yalikuwa yameharibika. Nguo za wateja zilikuwa zimelowekwa tangu siku ya ajali, maji yameshaanza kunuka, na mwenye kazi alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, anazitazama tu. Mama Cherehani alipiga hodi, akapenya katikati ya kamba, akaona hali ilivyo. Hakusema pole. Alivua viatu, akakunja mikono ya gauni, akamwaga maji machafu, akafungua bomba.

Alifua kwa muda. Mama Fundisho alimtazama, akingoja. Mwishowe uvumilivu ukamwisha.

"Haya, na wewe toa lako."

"Lipi?"

"Fundisho. Kila anayeingia hapa ana lake."

"Mimi sina." Alikamua shati, akalikung'uta, akaliweka begani. "Mwanangu alipofariki, unakumbuka uliniambia nini?"

Alikumbuka. Alikuwa akijivunia maneno yale. "Nilikuambia kwamba Mungu akitembea bustanini mwake, huchuma kwanza ua lililo zuri kuliko yote."

"Ndiyo hayo. Nilitaka kukupiga na sufuria."

Mama Fundisho alidhani amesikia vibaya. "Nini?"

"Ile kubwa, ya kuchemshia maji. Niliikodolea macho. Ilikuwa imejaa, nikaona sitaweza kuinyanyua."

Hapakuwa na mzaha usoni mwake. Alikuwa anasema jambo lililotokea, kama anayesema jana ilinyesha mvua. Mama Fundisho alishika ukingo wa beseni kwa mikono yote miwili, maana aliona uani kunazunguka. Miaka yote hiyo! Alikuwa amewasimulia watu wengine maneno yale, akisema tazameni Mama Cherehani alivyofarijika.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ningekuambiaje? Ulipoyasema hayo ulikuwa umechuchumaa, unafua mashuka aliyougulia mwanangu. Mama yangu mzazi alishindwa kuyagusa. Mimi sikuweza hata kuingia kile chumba. Wewe uliyafua mpaka yakatakata, ukayapiga pasi, ukaja kuniwekea mapajani yakiwa bado na joto." Akatafuta kibanio cha nguo. "Nikasema, mikono yake na mdomo wake ni watu wawili tofauti. Mdomo nikaukasirikia. Mikono, mpaka leo naiombea kwa Mungu."

Akaendelea kuanika. Mama Fundisho alitazama mikono yake mwenyewe, iliyokunjamana kwa maji na magadi, kana kwamba mtu amemkabidhi vitu asivyovijua. Baadaye aliinuka, akaingia kwenye zamu ya kusuuza, na wanawake wale wawili wakamaliza shehena yote bila kuzungumza lolote zaidi ya "nipe hiyo" na "shika huku".

Jumapili ile hakusimama mbele ya kanisa. Lakini watoto walikuwa wake, na hapakuwa na mwingine wa kuwafundisha, kwa hiyo aliwafuata kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa walikokuwa wamehamishiwa. Kilikuwa chumba cha kuwekea viti vibovu na majoho ya kwaya. Kupitia dirishani kilionekana kisiki, cheupe pembeni, cheusi katikati. Watoto wote walikuwa wamekaa wamekigeukia.

Alikuwa amepanga kuwaimbisha tu. Kabla hajaanza, msichana mmoja mwenye pengo mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ulisema mti wetu hauwezi kuanguka."

"Nilisema," alijibu.

"Mbona umeanguka?"

"Mchwa waliula ndani. Mimi nilikuwa naona nje tu, sikujua."

Msichana akafikiri. "Mungu alijua?"

"Alijua."

"Sasa mbona hakumwambia babu fundi ahame?"

Zamani angekuwa na jibu, tena zaidi ya moja, kila moja na mfano wake. Aliyasikia yakimjia kwa mazoea, yamejipanga mlangoni kama wateja. Akazitazama nyuso za watoto, akayatazama majibu, na hakuruhusu hata moja liingie.

"Sijui," alisema.

Watoto wakatazamana. Neno hilo hawakuwahi kulisikia kwake; mmoja alicheka kwa wasiwasi. Mama Fundisho mwenyewe alishangaa kwamba amelisema na dari haijamwangukia. Akavuta kiti kimojawapo kibovu, akakaa nao karibu.

"Nisikilizeni. Yesu alikuwa na rafiki, akafa. Dada za huyo rafiki walikuwa wanalia sana. Yesu alipofika alijua atakachofanya, alijua atamfufua. Angeweza kuwaambia, nyamazeni, kuna sababu, kuna mafunzo hapa. Lakini alipowaona wanalia, kitu cha kwanza alichofanya ni nini?"

Hawakujua. Hadithi ile alikuwa amewafundisha mara nyingi, na kila mara aliikimbiza mpaka kaburini, kwenye muujiza.

"Alilia," akasema. "Alilia nao kwanza."

"Na wewe umelia?" aliuliza yule wa pengo.

"Bado."

Alitaka kuendelea kusema, na hapo ndipo kilio kilipomkamata. Hakikumpa hata nafasi ya kujifunika uso. Tangu chupa ile ilipopasuka hakuwa amedondosha chozi, si barabarani, si hospitalini, na sasa alilia mbele ya watoto wa watu kwa sauti nene ambayo hakujua anayo. Watoto waliganda. Mmoja akaanza kulia kwa hofu, wa pili kwa sababu wa kwanza analia. Kisha wakaanza kumsogelea, wakashika gauni lake, mabega yake, chochote kilichoshikika. Yule wa pengo alitoa mfukoni leso iliyokwishatumika, akampa. Mchungaji alisukuma mlango aone kuna nini, akatazama, akaurudisha taratibu.

Fundi viatu alirudi nyumbani akiwa na magongo mawili na maelekezo mengi. Kukaa barabarani hakuwezekana tena kwa muda, kwa hiyo alihamishia kazi chumba cha mbele, kwenye kona iliyo mkabala na meza ya pasi. Sasa chumba kilinuka sabuni na gundi. Waligombana kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe, kuhusu vumbi la ngozi kwenye mashuka meupe ya watu, kuhusu redio. Wateja wa huyu waligeuka kuwa wateja wa yule. Jina la Mama Fundisho halikuondoka, lakini aliyeleta shati lenye doa sasa aliambiwa tu, "Kaa kidogo, umechoka," na wapo waliokiri kwamba mwanzoni walibabaika. Walikuwa wamejiandaa kuhubiriwa.

Alasiri moja alikuwa anapiga pasi, mumewe akishona mkoba wa shule. Akamwona anaweka sindano chini, anainama, anakuna. Alikuwa anakuna hewa, pale chini ya kisiki cha mguu, mahali palipokuwa na kifundo.

"Mzee wangu, unafanya nini?"

"Unawasha."

"Nini kinawasha?"

"Mguu. Ule ambao haupo." Alisema kwa aibu kidogo. "Daktari alinionya kwamba itatokea. Haupo, Mwalimu, naona kwa macho yangu haupo. Lakini unawasha kuliko huu uliopo. Juzi kidole gumba kimeniuma mpaka nimetokwa machozi."

Mkewe aliacha kusukuma pasi, akamtazama.

Fundi aliendelea kupitazama pale patupu, na utani ulikuwa umemtoka usoni kabisa. "Mimi siku zote nilikuwa nakusikiliza na mambo yenu ya rohoni, nikisema moyoni, kitu usichokiona wala kukigusa kitakusumbuaje? Kitakufurahishaje? Nilikuwa naitikia ili tumalize. Sasa nina kidole ambacho hakipo duniani na kinanitoa machozi. Nimekaa hapa nimefikiri... huenda nimekuwa mjinga. Huenda Yeye naye yupo hivyo hivyo. Karibu hivyo."

Mama Fundisho alimkazia macho. Mwanaume huyu alikuwa amesinzia katika mahubiri ya wachungaji watatu waliofuatana. Alitaka kusema Amina, alitaka kumwongezea, tayari aliona jinsi fundisho lile lingeweza kurefushwa, kupambwa, kupelekwa mpaka mbinguni. Akauma midomo.

"Endelea," alisema.

"Niendelee na nini? Yameisha." Akaokota sindano. "Na usiwaambie watoto. Wataota ndoto mbaya."

"Siwaambii."

"Mwalimu."

"Naam."

"Nguo inaungua."

Akaruka na kuinua pasi. Ilikuwa shati jeupe la mzee wa kanisa, na mgongoni alama ya pasi ilikuwa imekaa, ya kahawia, imekamilika kila pembe. Wakaitazama wote wawili. Kisha fundi viatu akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kumtikisa mpaka magongo yakaanguka, na mkewe, aliyeshika shati la watu lililoungua na asijue atamwambia nini mwenyewe, akajikuta amekaa chini sakafuni, anacheka naye.